Mesothelioma: Baba Amebakiwa na Muda Gani, na Atibiwe Vipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 71. Kwa miezi kadhaa alikuwa akihema kwa shida, akatolewa maji kifuani mara mbili, kisha akakatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya vipimo, na majibu yakaonyesha kwamba ana mesothelioma ya utando wa mapafu, yaani saratani ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu, aina ya epithelioidi. Ujanani alikuwa fundi wa kuvika mabomba ya moto vizuia joto. Nimesoma kwamba wagonjwa wa namna hii huishi mwaka mmoja tu. Je, ni kweli? Na kwa umri wake, kuna maana ya kumpa tiba, au tutamtesa bure?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa mtihani uliowafika. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu huo “mwaka mmoja” umewakatisha tamaa watu wengi kabla hawajakaa na daktari wao na kuelezwa ulikotoka.

Kwa sehemu kubwa umetokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulionyesha kwamba wagonjwa wa mesothelioma ya utando wa mapafu waliopewa pemetreksedi pamoja na sisplatini, ambazo ni dawa za tibakemikali, yaani dawa zinazoua seli za saratani, waliishi kwa kipindi cha katikati cha miezi 12.1, ilhali waliopewa sisplatini peke yake waliishi miezi 9.3. Kipindi cha katikati maana yake ni hii: ukiwapanga wagonjwa wote kwa mstari, kuanzia aliyetangulia kufariki hadi aliyeishi kuliko wote, yule anayeangukia katikati ya mstari ndiye aliyeishi muda huo. Nusu yao walifariki kabla yake, na nusu waliishi zaidi, baadhi yao kwa miaka. Kwa hiyo si tarehe aliyopangiwa baba yako, bali ni maelezo ya kundi la watu waliotibiwa zamani kidogo, kwa dawa zilizokuwapo wakati huo. Mwanabiolojia Mmarekani Stephen Jay Gould aligunduliwa kuwa na mesothelioma ya utando wa tumbo mwaka 1982, wakati ambapo kipindi cha katikati kilichokuwa kikitajwa kwa ugonjwa wake kilikuwa miezi 8. Aliishi miaka 20 zaidi, na saratani iliyomuua mwaka 2002 ilikuwa nyingine kabisa. Simtaji ili nikupe matumaini ya uongo, kwa kuwa watu wa namna yake ni wachache, lakini walikuwamo katika hesabu ileile iliyowatisha.

Mambo yanayobadilisha picha ya mgonjwa mmoja mmoja yanajulikana. La kwanza ni aina ya seli. Epithelioidi, ambayo ndiyo aina ya baba yako na ndiyo inayowapata wagonjwa wengi zaidi, huenda polepole kuliko aina iitwayo sarkomatoidi, na aina yenye mchanganyiko wa hizo mbili huwa katikati. Jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito kuliko umri, ni nguvu alizo nazo: je, anaoga na kuvaa mwenyewe, anatembea, anakula, au anashinda kitandani na uzito unapungua? Mzee wa miaka 71 anayejimudu anaweza kustahimili tiba ambayo mtu wa miaka 55 aliyedhoofika hawezi. Hatua ambayo ugonjwa umefikia nayo huhesabika, ingawa katika saratani hii, inayotambaa juu ya utando badala ya kuwa uvimbe mmoja, si rahisi kuipima kwa picha.

Kuhusu tiba, tangu mwaka 2020 kuna njia ya pili ya kuanzia matibabu, nayo ni tiba ya kinga, yaani dawa zinazoiondolea kinga ya mwili breki zilizokuwa zikiizuia kuishambulia saratani. Katika utafiti uliolinganisha dawa mbili za kinga, nivolumabu na ipilimumabu, dhidi ya tibakemikali, kipindi cha katikati kilikuwa miezi 18.1 kwa waliopata tiba ya kinga na miezi 14.1 kwa waliopata tibakemikali, na baada ya miaka miwili asilimia 41 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya asilimia 27 ya kundi la pili. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Faida kubwa ya tiba ile ilionekana kwa wagonjwa wasio wa epithelioidi, ambao muda wao uliongezeka kutoka miezi 8.8 hadi 18.1. Kwa wa epithelioidi tofauti ilikuwa ndogo, yaani miezi 18.7 dhidi ya 16.5. Kwa hiyo, iwapo tiba ya kinga haipatikani kwenu au gharama yake haibebeki, msijione kwamba mmemnyima baba uhai. Tibakemikali kwa aina yake ya ugonjwa bado ni tiba ya kweli. Njia ya tatu, ya kuongeza pembrolizumabu, dawa nyingine ya kinga, juu ya tibakemikali, iliidhinishwa Marekani mwaka 2024, nayo huongeza muda kwa kiasi kidogo.

Unauliza kama mtamtesa bure. Tiba hizi haziponyi ugonjwa huu. Zinaurudisha nyuma au kuusimamisha kwa muda, na mara nyingi shida ya pumzi na maumivu hupungua. Anayepewa pemetreksedi lazima apate asidi ya foliki na vitamini B12 kabla ya kuanza na muda wote wa tiba, kwani bila hivyo madhara yake huwa makali mno. Sisplatini huweza kuumiza figo na masikio, na kwa mtu wa umri wa baba yako madaktari wengi huchagua karboplatini, dawa ya jamii hiyohiyo, badala yake. Tiba ya kinga haileti kichefuchefu kile kinachoogopwa, lakini kinga iliyoachiliwa inaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo; akianza kuharisha au kikohozi kikibadilika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na ana haki ya kujaribu awamu mbili tatu, kisha kusema inatosha.

Lakini ningeanza na maji ya kifuani. Kumtoboa kila yanapojaa kunamchosha. Ombeni aidha awekewe unga wa talki unaogandisha tando mbili za mapafu ili maji yasipate nafasi ya kukusanyika, au awekewe mrija mwembamba ambao mtafundishwa kuutumia kumtolea maji nyumbani. Pamoja na hayo, waoneni watu wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, sasa hivi, akiwa bado ana nguvu. Huduma hiyo si ya siku za mwisho pekee, na mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi hutuliza maumivu na ile hali ya kukosa pumzi.

Kama ningekuwa ndiye daktari wake, nisingewatajia mwezi wala tarehe. Ningewaambia kwamba kwa mgonjwa wa epithelioidi anayejimudu na anayepata tiba, ni sahihi kufikiria kati ya mwaka mmoja na miwili, wengine wakipungukiwa na wengine wakizidi, na kwamba baada ya picha ya kwanza ya kupima matokeo ya tiba tutakuwa na la uhakika zaidi la kusema.

SWALI: Kaka yangu, mwenye miaka 58, ana ugonjwa huohuo wa mapafu. Hospitali ya kwanza ilikataa kumpasua. Sasa tumeambiwa kuna mahali wanapoondoa utando wote na mgonjwa akapona, nasi tuko tayari kuuza kiwanja. Unatushauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba msiuze kiwanja kwa ajili hiyo. Saratani hii imetandaa juu ya pafu, kiwambo cha moyo na ukuta wa kifua, kwa hiyo hakuna mpasuaji anayeweza kuikata na kubakiza ukingo safi pande zote, seli hubaki. Nchini Uingereza wagonjwa 335 waligawanywa kwa kura, wengine wakapata tibakemikali pamoja na upasuaji huo wa kuondoa utando, wengine tibakemikali peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kipindi cha katikati cha miezi 19.3 kwa waliopasuliwa na miezi 24.8 kwa wasiopasuliwa, na waliopasuliwa walipata madhara makubwa zaidi. Wapo wapasuaji wazoefu wanaoamini kwamba wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu bado wanaweza kunufaika, na mjadala huo haujafungwa. Hata hao hawaahidi kuponya. Anayewaahidi hivyo hastahili fedha zenu, na ile hospitali iliyokataa haikumtupa kaka yako.

Mesothelioma ya tumbo ni suala tofauti. Huko, kuondoa uvimbe unaoonekana na kisha kusafisha tumbo kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto kumewapa wagonjwa muda mrefu: katika taarifa ya mwaka 2009 iliyokusanya wagonjwa 405, kipindi cha katikati kilikuwa miezi 53. Hata hivyo, hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kuwa na nguvu za kustahimili upasuaji mkubwa, na takwimu hizo hazimhusu mwenye ugonjwa wa kifuani.

SWALI: Mume wangu alifariki kwa mesothelioma. Kwa miaka mingi nilimfulia nguo zake za kazi zilizojaa vumbi la asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto yanayosababisha ugonjwa huu. Je, ugonjwa huu unaambukiza? Nipimwe nini?

JIBU: Pole sana, mama. Hauambukizi kwa pumzi, kwa kitanda wala kwa kumuuguza mgonjwa. Kinachokuhusu ni lile vumbi. Mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake walipoeleza wagonjwa 33 kutoka eneo la migodi ya asbesto ya buluu huko Afrika Kusini, miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kufanya kazi mgodini, bali waliishi jirani tu. Wake waliofua nguo za waume zao wamegunduliwa kuwa na ugonjwa huu tangu wakati huo. Hata hivyo, wengi waliovuta vumbi hilo hawaugui mesothelioma maisha yao yote.

Hakuna kipimo ambacho kimethibitishwa kuokoa maisha ya mtu asiye na dalili, kwa hiyo usipoteze fedha kwa vipimo vya damu vinavyotangazwa. Mwambie daktari wako historia hiyo na uhakikishe imeandikwa kwenye faili lako, kwa sababu ugonjwa huu huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Ukianza kuhema kwa shida, kuumwa upande mmoja wa kifua, tumbo kujaa au kupungua uzito bila sababu, rudi mapema na uitaje asbesto wewe mwenyewe. Maji ya kifuani hudhaniwa mara nyingi kuwa kifua kikuu, na miezi hupotea. Kama unavuta sigara, acha. Sigara haisababishi mesothelioma, lakini ikikutana na asbesto huongeza mno hatari ya saratani ya mapafu. Na kama nguo zake za kazi bado zipo, usizikung’ute wala kuzifua tena: zilowanishe, zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kisha uwaulize maofisa wa afya wa eneo lako namna ya kuzitupa.