Kabla hujapiga lipu kwenye jengo la kale

Nilipokabidhiwa funguo za jengo la kwanza la kale nililotakiwa kuligeuza ofisi, nilifika na ramani mkononi, tayari imechorwa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa saruji.

Kuta za chini zilikuwa za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuketi kwenye kizingiti cha dirisha na miguu yake yote. Lipu ya zamani ilikuwa imechoka. Ukiipapasa inakuachia unga vidoleni. Fundi akashauri tuibandue, tupige saruji, tumalize. Nikakubali. Ukuta ukanyooka, ukapakwa rangi ya mafuta, kila aliyepita akausifu. Mvua zilipokwisha, rangi ikaota malengelenge. Nilitoboa moja kwa ukucha: likatoka tone la maji, na nyuma yake chumvi nyeupe laini.

Kuta nyingi za zamani hazina tabaka la kuzuia unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini, yakapenya kwenye chokaa na kukaushwa na hewa. Ukiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani na chumvi inaanza kulila jiwe. Tuliibandua saruji yote, nayo ikang'oka na vipande vya mawe. Tukarudi kwenye chokaa. Sasa, chokaa haiharakishwi: hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na mafundi hukadiria milimita moja ya unene kwa mwezi. Mwambie mwenye jengo mapema, kabla hajatangaza siku ya uzinduzi.

Siku hizi sichori kitu mpaka nishinde humo ndani siku kadhaa, na moja iwe ya mvua. Natembea na tochi na bisibisi. Bisibisi ni ya boriti: nazidunga pale ncha zinapoingia ukutani, maana ndipo uozo huanzia, hata kama katikati mbao inalia ngo ngo. Uzito namwachia mhandisi wa miundo. Sakafu iliyobeba vitanda miaka mia si lazima ibebe makabati ya mafaili.

Vyoo na jiko vipange kimoja juu ya kingine, mabomba yashuke njia moja. Nyaya usizichimbie ukutani. Zipitishe kwenye mabomba ya chuma yanayoonekana. Wengine wanaona ni ubaya. Mimi naona heri hayo kuliko jeraha lililozibwa kijanja. Hata Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inataka sehemu mpya iafikiane na jengo lakini itambulike kuwa ni mpya. Musée d'Orsay jijini Paris ilikuwa stesheni ya treni iliyofunguliwa 1900; ikawa makumbusho mwaka 1986, na saa yake kubwa bado iko ukutani.

Ukigawa chumba, kata ubao ufuate umbo la urembo wa dari. Usikate urembo ufuate ubao. (Nimewahi kugombana na seremala mzuri kwa hili, na bado sijutii.)

Mlango wa mbele wa jengo lile ulikuwa na ngazi tatu, na kiti cha magurudumu hakikuweza kupita. Badala ya kuzivunja, tulitengeneza mteremko wa mbao juu yake, bila msumari hata mmoja kwenye jiwe. Unakaa kwa uzito wake wenyewe. Siku wakitaka kuuondoa, watu wanne wanatosha.