Bustani ya mteremko: kuta kwanza, waridi baadaye
Umeeleza kwamba bustani yako inateremka kutoka barazani, kwamba mvua hubeba udongo, na kwamba unatamani mpangilio thabiti wenye maua ya kimahaba. Ningekushauri usinunue hata mche mmoja kabla hujaamua maji yatapita wapi. Gawa mteremko katika matuta mawili au matatu mapana, kwani mengi membamba hufanana na ngazi za uwanja wa mpira; kila ukuta unaoshikilia tuta uinamie kidogo upande wa juu wa mteremko, ujazwe kokoto nyuma na kuachiwa matundu chini, maana kuta nyingi huangushwa na maji yaliyonaswa nyuma yake. Ukuta unaozidi kimo cha mita 1 mwachie mhandisi.

Waridi litambaalo lifunge matawi yakiwa yamelazwa, si wima, kwa sababu tawi lililolala huchanua urefu wake wote, ilhali lililosimama huchanua nchani tu. Lavenda, ambayo haivumilii mizizi iliyolowa, ipande ukingoni juu ya ukuta, ambako udongo hukauka upesi na apitaye huigusa kwa kiganja. Asumini iwe karibu na kiti, kwa kuwa harufu yake hukolea usiku.