Dawati la Kazi: Nimepata Kazi Njombe, Nihame?

Barua tatu za toleo hili zote ni za watu waliopata kazi mbali na wanakoishi. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake ametuwekea namba mezani.

SWALI: Ni mhasibu, nina miaka 29, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mshahara wangu ni 850,000 kabla ya makato. Kiwanda kimoja cha mbao Njombe kinanipa 1,200,000, na wanataka niripoti baada ya wiki mbili. Suala la nyumba wamesema "tutaongea ukifika". Hapa Tabata napanga chumba na sebule kwa 200,000, naishi na mdogo wangu anayesoma chuo, na yeye atabaki. Njombe nimeambiwa nyumba ya hadhi hiyo ni 120,000. Mama anasema niende, wenzangu kazini wananitisha na baridi. Sijawahi kufika huko. Nifanyeje?

JIBU: Dada, baridi iweke pembeni kwanza, tutaifikia. Nyongeza ya 350,000 unayoiona kwenye barua si hiyo itakayofika mkononi mwako.

Tuhesabu. Kwenye 850,000 anza kutoa asilimia 10 ya NSSF, yaani 85,000. Inabaki 765,000 ya kutozwa kodi ya mshahara. Kodi ya kiwango hicho ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 69,250. Leo unapokea 695,750. Kwenye 1,200,000 NSSF ni 120,000, inabaki 1,080,000. Kodi yake ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja, jumla 152,000. Utapokea 928,000. Tofauti ni 232,250. (Mwenye deni la HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, aondoe tena asilimia 15 ya mshahara. Wewe hukulitaja, tumechukulia huna.)

Sasa nyumba. Kodi ya Tabata utaendelea kuilipa kwa sababu ya mdogo wako, halafu unaongeza 120,000 ya Njombe. Nyongeza halisi imebaki 112,250 kwa mwezi. Na mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya wengi, unatoa 720,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja, 120,000. Hiyo ni 840,000 kabla ya lori, blanketi na nauli. Kwa nyongeza ya 112,250 utahitaji zaidi ya miezi saba kuirudisha.

Ndiyo maana "tutaongea ukifika" si jibu la kukubali. Ukishafika, umeshaacha kazi, umeshalipa kodi, na wao wanajua huna pa kurudi wiki hiyo. Nguvu ya kujadiliana unayo leo, kabla hujasaini. Omba kimojawapo: nyumba ya kampuni, au posho ya nyumba ya kila mwezi iliyoandikwa kwenye mkataba, au fedha ya kuhamia inayotosha miezi sita ya kodi na usafiri wa mizigo. Kumbuka kwamba posho ya nyumba inayolipwa taslimu nayo hukatwa kodi, kwa hiyo kwa kiwango chako posho ya 120,000 itakufikia kama 84,000, na itapungua tena ikiwa wanaihesabu kwenye NSSF. Upande wako nawe una la kufanya. Mdogo wako akihamia chumba kimoja cha 80,000, gharama yako ya nyumba zote mbili inakuwa 200,000 ile ile unayolipa leo, na 232,250 yote inabaki kwako. Zungumza naye kabla ya kuzungumza na dalali wa Njombe.

Tukija kwenye mkataba, sehemu ambayo watu husaini bila kuisoma ni ile inayotaja mahali ulipoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike taarifa hiyo, mbali na kituo cha kazi. Hivi ni vitu viwili tofauti. Ajira ikikoma mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi huko ulikotoka, au kukulipa gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku utakazosubiri usafiri. Mkataba ukisema umeajiriwa Njombe, umejinyima haki hiyo kwa saini yako mwenyewe. Hutokea hivi: mtu anaitwa, anapanda basi kwa nauli yake, anasaini ofisini kwao, na karani anajaza "Njombe" kila penye nafasi ya mahali. Wakutumie mkataba usaini ukiwa Dar, na paandikwe Dar es Salaam. Omba pia kifungu kinachosema gharama ya kurudi italipwa hata ukiacha mwenyewe baada ya mwaka mmoja, ili pasiwe na ubishi.

Kituo cha kazi nacho kiandikwe kwa jina lake. "Njombe" ni mkoa wenye Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa ndani yake. Kukaa Makambako, palipo na njia panda ya barabara kuu ya Mbeya na stesheni ya TAZARA, si sawa na kukaa kambi ya wakata miti msituni ambako mvua ikinyesha gari halipandi. Uliza kiwanda kipo wapi, kipo umbali gani na mjini, na mhasibu anatakiwa kwenda shambani mara ngapi na kwa gari la nani.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliuliza. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana kinga ile ya kisheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Tabata unayo, Njombe utaanza sifuri. Ukilinganisha na hesabu ya miezi saba hapo juu, utaona kwamba kipindi chako dhaifu kinaisha kabla fedha ya kuhamia haijarudi. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza usihamishe maisha yote. Nenda na godoro, nguo, vyombo vya mtu mmoja na jiko la gesi. Kabati na sofa vibaki na mdogo wako. Na ikitokea ugomvi wa kuachishwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na husikilizwa na ofisi inayohusika na eneo ulikotokea mgogoro. Wengi hupanda basi kurudi nyumbani kwa hasira, halafu wanagundua kwamba kesi yao iko mkoa waliouacha na siku zimeisha.

Wiki mbili nazo hazitoshi. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kuacha kazi ni siku 28, na ukiondoka kabla, mwajiri wako wa sasa anaweza kukata fedha ya siku hizo kwenye stahili zako. Waambie Njombe utaanza siku 30 baada ya mkataba kusainiwa na pande zote mbili. Anayekuhitaji kweli atasubiri. Barua ya kuacha kazi usiipeleke kabla mkataba uliosainiwa na wao haujafika mkononi, na siku ya kuondoka dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo uliyolimbikiza. Namba yako ya NSSF ni ile ile, usikubali kufunguliwa nyingine.

Kabla ya hayo yote, nenda ukaone. Dar hadi Njombe ni takriban kilomita 700, kutwa nzima ndani ya basi. Ondoka Alhamisi, fika kiwandani Ijumaa, rudi Jumapili. Ijumaa jioni ongea na wafanyakazi wawili watatu wa kawaida, si meneja, na uwaulize mshahara huingia tarehe ngapi na kama michango yao ya NSSF inaonekana wakiangalia akaunti zao. Mchango wa mwezi unatakiwa uwe umelipwa ndani ya mwezi unaofuata. Wakikuambia mwezi wa nne huu hawauoni, umeshapata jibu la barua yako bila sisi. Jumamosi tafuta nyumba kwa miguu yako, usilipie nyumba ya picha za WhatsApp.

Tufike kwenye baridi. Mji wa Njombe uko juu karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai ni miezi ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Inazoeleka. Hatari yake ni namna watu wanavyojikinga nayo. Jiko la mkaa lililowashwa chumbani huku madirisha yamefungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Usiliingize chumbani hata kama majirani wanafanya hivyo na "hawajafa". Nunua blanketi mbili nzito na sweta za mtumba, na uchague nyumba yenye dari. Bati tupu bila dari linakutoa usingizini saa kumi alfajiri.

Maji ya moto yana hesabu yake. Hita ya kuogea ya kilowati 5 ikiwaka dakika 10 hula karibu uniti moja ya umeme, kama 25 kwa mwezi kwa mtu mmoja anayeoga mara moja kwa siku. Mteja mdogo wa TANESCO hulipa bei nafuu mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi anapandishwa kundi la bei ya kawaida, ambayo ni zaidi ya mara mbili. Ukiwa na pasi, jokofu na hita, mpaka huo unauvuka bila kujua. Tena waya wa soketi za kawaida haubebi hita hiyo. Inahitaji waya wake mnene na swichi yake, kwa hiyo muulize mwenye nyumba kama upo kabla hujalipa. Kama haupo, birika na ndoo vinatosha kabisa.

Mengine ni madogo. Feni iache. Maharage yatachukua muda mrefu jikoni kwa sababu maji huchemka kwenye joto dogo zaidi huko juu, kwa hiyo yaloweke usiku. Malaria Njombe ni kidogo, lakini ukikaa huko muda mrefu kinga ya mwili inapungua, hivyo ukija Dar likizo lala ndani ya chandarua. Mizigo isafirishe kwa lori linalorudi. Malori yanayoshusha viazi na mbao Dar hutafuta mzigo wa kurudia juu, na bei yake hailingani na ya kukodi Fuso peke yako. Kazini utaongea Kiswahili, ila mzee wa mtaani ukimwanza kwa "kamwene", salamu ya huko, atakuonyesha nyumba ambayo dalali haijui.

Kwa namba ulizotupa, ushauri wetu ni huu: bila nyumba au fedha ya kuhamia, usiende. Wakikubali moja kati ya hayo na kuandika Dar es Salaam kama mahali ulipoajiriwa, nenda.

SWALI: Mume wangu amepata kazi Mbeya na anataka tuhame wote Juni. Binti yetu yuko darasa la saba hapa Temeke, mdogo wake yuko la tatu. Mimi ni mwalimu wa halmashauri. Je, inawezekana?

JIBU: Mama, wa darasa la saba asiguswe. Usajili wa watahiniwa hufanyika mapema katika mwaka wa mtihani na mtihani ni Septemba, kwa hiyo Juni jina lake liko tayari kwenye orodha ya shule ya Temeke. Amalizie hapo, akae na shangazi au mama mdogo ikibidi. Jambo ambalo wazazi wengi hulisahau ni hili: nafasi za kidato cha kwanza hupangwa kwa kufuata eneo alikofanyia mtihani. Akifanyia Temeke atapangiwa upande wa Dar, na Mbeya mtamwombea uhamisho. Msisubiri hadi Januari. Matokeo yakitoka, tafuteni shule ya Mbeya yenye nafasi, mpate barua ya kupokelewa, kisha ndiyo mwende kwa mkuu wa shule aliyopangiwa.

Wa la tatu ni rahisi. Mwalimu mkuu anakohamia athibitishe nafasi, wa Temeke aandike uhamisho, na taarifa zake zihamishwe kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi kwa namba yake ya PReM. Ifuatilieni namba hiyo wenyewe. Mtoto anaweza kukaa darasani Mbeya mwaka mzima huku kwenye mfumo bado ni wa Temeke, na tatizo likaonekana siku ya usajili wa mtihani.

Kuhusu wewe, uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi posho, na si lazima utoke kwa tarehe anayotaka mume. Ombi lipitishe kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, ukiambatisha cheti cha ndoa na barua ya ajira ya mume. Njia inayokwenda haraka zaidi ni kumpata mwalimu wa masomo yako aliyeko Mbeya anayetaka Dar mkabadilishana, kwa sababu halmashauri haipendi kuachia mtu bila mbadala. Usihame kabla ya kibali. Mwalimu aliyeondoka kumfuata mume bila barua huhesabika mtoro kazini.

SWALI: Nimepigiwa simu kuwa nimechaguliwa kazi mgodini Geita bila usaili. Wanataka 85,000 ya vipimo vya afya na sare kwa namba ya simu. Nitume?

JIBU: Usitume. Mwajiri wa kweli hakuajiri bila kukuhoji, na vipimo vya afya hulipia yeye mwenyewe, kwenye hospitali anayoitaja kwa jina. Tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kisha piga namba iliyo kwenye tovuti yao rasmi, si ile iliyokupigia. Kama ulishatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi kabla fedha haijatolewa, na kama walikutumia meseji, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.