Re: Nimeona Mustang ya 1967 inauzwa, nianze na injini au bodi?

Mkuu swali lako nimelisoma mara mbili. Upo Uingereza, umeona Mustang kupe (ile Ford ya milango miwili) ya 67 iko Marekani, unataka kuiagiza, utoe injini yake uweke kubwa zaidi, uhamishie usukani kulia, halafu siku moja uipakie melini uje nayo Dar. Wadau hapo juu wote wamerukia kukutajia mainjini. Mimi niko huku Midlands mwaka wa kumi na moja sasa na kupe ya 67 ninayo, ilinikalia gereji miaka minne ndo ikatembea, kwa iyo ngoja nikwambie nilipoumia.

Anza na bodi. Injini ya V8 ya Ford ni kitu rahisi aisee, spea zake zinatengenezwa mpaka leo, ukiiharibu unanunua nyingine. Injini ilinila wikendi kadhaa, bodi ilinila miaka.

Kuna sehemu moja inaitwa kaulo, ile ya chini ya kioo cha mbele, kwa nje, penye matundu ya kuingizia hewa. Maji ya mvua yanaingia humo yanapita kwenye mfereji wa bati uliofichwa yanatokea pembeni nyuma ya fenda. Mule ndani kiwandani hawakupaka kinga ya maana, majani yakijazana unyevu unakaa, bati linaoza kimya kimya na wewe huoni kitu hata ulale chini na tochi. Mimi nilinunua kwa picha, muuzaji kaandika gari ya Arizona, jangwani, haina kutu. Kumbe Arizona ilikaa miezi tu, maisha yake yote ilikuwa kwenye baridi na chumvi za barabarani. Ilipofika nikaiosha nje ya nyumba, kila nikimwaga maji kwenye kioo nasikia tap tap tap ndani. Nikanyanyua kapeti ya upande wa dereva, nikachukua jagi la jikoni, nikamimina taratibu kwenye yale matundu nikainama kuchungulia, maji yanashuka kama bomba pale juu ya pedeli. Sakafu nilipoigonga na bisibisi ikazama.

Kwa iyo kama una ndugu au rafiki kule, mlipe nauli aende na jagi. Usinicheke, ni kipimo cha dakika mbili na kingeniokolea pesa ambazo mke wangu mpaka leo hajui jumla yake.

Kulitengeneza hilo ni kazi ya kutoboa spoti za kuchomelea moja moja na drili, nilihesabu zikapita mia nikaacha, unatoa bati la juu, unachomelea jipya la ndani, unarudisha. Halafu sakafu, halafu torque boksi zile za kona zinazounganisha chesisi ya mbele na sakafu, halafu zile nguzo za shokapu za mbele ambazo kwenye hizi gari zinapasuka nyufa hata kama hazina kutu, sababu springi imekaa juu kabisa inasukuma bati la pembeni. Kabla hujakata sakafu chomelea vyuma vya mshazari kwenye matundu ya milango, hii gari haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi ndo chesisi, ukikata bila kuifunga inalegea na mlango haufungi tena. Mwenzangu mmoja kala hasara hiyo. Na ukimaliza funga kile chuma cha kushikilia zile nguzo na ukuta wa nyuma ya injini, Ford wenyewe walikuwa wanafunga kipande kizima kwenye gari za kwenda nje ya Marekani, mpaka leo kinauzwa kwa jina hilohilo la eksipoti, bei yake ya chakula cha jioni na gari inabadilika kabisa kwenye kona.

Breki sasa. Nyingi zilitoka na drami mbele na nyuma, diski za mbele mteja alikuwa anaagiza kwa kuongeza hela. Nashukuru ya 67 ina masta silinda ya njia mbili, ya 66 kurudi nyuma ni njia moja, paipu moja ikipasuka huna breki hata tone. Weka diski mbele KABLA ya kuongeza nguvu ya injini hata farasi mmoja.

Haya tuje kwenye injini maana najua ndo unachosubiri. (Bongo ukisema V8 mtu anawaza Land Cruiser ya mheshimiwa, huku ni habari nyingine.) Yangu ilikuwa na 289 (ni inchi za ujazo), yaani lita 4.7, kabureta ya matundu mawili, kwenye makaratasi farasi 200. Hizo 200 usizibebe kichwani, enzi hizo walikuwa wanapima injini ikiwa uchi, haina ekzosi ya gari wala vitu vingine vya kuivuta nyuma. Bloku ilikuwa na ufa, nikapata injini ya 302 iliyotoka kwenye Mustang ya 1988. Inakaa mahali palepale, mauntingi zilezile, nikatoa ule mfumo wa injeksheni nikaweka manifold na kabureta. Nikajiona fundi.

Siku ya kuwasha ikapiga mzinga kupitia kabureta mpaka jirani akatoka na taulo. Inataka kuwaka, inatetemeka, ukikanyaga inapiga risasi. Nikazungusha distribyuta huku, nikairudisha, nikabadilisha plagi, koili, wikendi tatu zimeenda na nyusi za kulia zikapungua. Akaja mzee mmoja wa Kiingereza mstaafu tuliyezoeana kwenye mikusanyiko ya Jumapili, hakushika kitu, kaniuliza tu hii injini imetoka gari ya mwaka gani. Nikamwambia 88. Akachomoa waya nne za plagi, ya 3 akabadilishana na ya 5, ya 4 akabadilishana na ya 7, akasema piga starta. Ikanguruma kama simba.

Siri ni kwamba 289 inachoma kwa mpangilio wa 1-5-4-2-6-3-7-8, ile ya 88 ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Mimi nilipanga waya kwa kitabu cha gari, sikupanga kwa injini. Ukiangalia vizuri silinda nne zilikuwa zinapata moto kwa wakati wake na nne kwa wakati wa mwenzake.

Haikuishia hapo. Ikifika mizunguko 3000 kioo cha kati kinatetemeka huoni nyuma, sababu nilirudishia puli ya mbele na sahani ya gia boksi za injini ya zamani. Vifaa hivyo vina uzito wa kusawazisha mzunguko wa injini, 289 imebalansiwa kwa wakia 28, ile ya miaka ya themanini ni wakia 50, vifaa haviingiliani japo boliti zinakubali vizuri kabisa. Na distribyuta ya zamani gia yake ni ya chuma cha kalibu, kemshafti ya rola ya 88 inaisaga taratibu kama unga, lazima uweke gia ya stili. Hivyo vitatu hakuna aliyeniambia, kwa iyo nimekwambia.

Kuhusu sheria za huku. Agiza gari ikiwa bado ya asili, hayo mambo yako fanya ikishafika. Gari yenye miaka 30 kwenda juu ambayo haijabadilishwa injini, breki, bodi na stelingi inaweza kuingia kama ya kihistoria, ushuru wa forodha sifuri na VAT 5% badala ya 20%. Ukishaifikisha una siku 14 kuwataarifu HMRC (watu wa kodi wa huku), bila hapo DVLA (wanaosajili magari) hawakupi namba. Ikipita miaka 40 hulipi kodi ya barabara na MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) siyo lazima, ila ukibadilisha vitu vikubwa unaweza kupoteza msamaha wa MOT. Binafsi naipeleka kila mwaka hata hivyo, wacha mtu mwingine alale chini yake aniangalilie. Injini ukibadilisha waambie DVLA.

Taa ndo zitakusumbua. Za mbele ziangaze kushoto. Za nyuma, Wamarekani wametumia taa nyekundu moja kwa breki na indiketa, huku kwa gari ya kuanzia Septemba 1965 indiketa iwe ya njano. Mimi nilizigeuza zile taa za rivasi za chini ya bampa zikawa indiketa, lakini waya wa breki unapita kwenye swichi ya indiketa kwenye stelingi, inabidi uukate pale uupeleke nyuma peke yake, la sivyo kila ukikanyaga breki njano nazo zinawaka.

Mafuta weka E5 (petroli yenye ethanoli isiyozidi 5%). Petroli ya kawaida huku ni E10 (ethanoli mpaka 10%) tangu Septemba 2021 na inakula mipira ya zamani, paipu yangu ya mafuta iliteleza mkononi kama bamia.

Usukani kulia achana nao. Utaikata ile kaulo uliyohangaika kuitengeneza, utahamisha boksi la stelingi, pedeli, dashibodi, na huku kushoto inaruhusiwa bila shida yoyote. Dar nayo ulizia TRA mapema kodi ya uchakavu kabla hujalipia meli, na kama una mpango wa kuiingiza Kenya kupitia Mombasa sahau, Kenya gari iliyotumika mwisho miaka minane na iwe ya usukani wa kulia.

Omba namba ya bodi uiweke hapa. Inatakiwa ianze na 7, herufi inayofuata ikiwa R ni ya San Jose, F Dearborn, T Metuchen, halafu 01 ndo kupe. Herufi baada ya hapo ikiwa C ilizaliwa na 289 kama yangu, ikiwa T ilizaliwa na silinda sita, na kama huyo muuzaji anakwambia V8 ya asili na hapo pamesomeka T, tutaongea bei upya.