Jibu: Wimbo wa Kiingereza unaotaja Jupiter na Mars

Salaam ndugu yangu. Umesema uliusikia harusini hapa Raskazone, Tanga, mwimbaji anataja mwezi, nyota, Jupiter na Mars (Mshtarii na Mirihi zetu), na kila ukitafuta kwa neno Jupiter unaletewa video za sayari tu. Huo ni Fly Me to the Moon.

Mimi nao ulinisumbua siku mbili. Kilichonisaidia ni mapigo, kwa hiyo anza hapo. Nilikuwa nagonga kijiko kwenye glasi ya juisi ya ukwaju, nahesabu. Ukipata moja-mbili-tatu, ni mtindo wa awali: Bart Howard aliutunga 1954 kwa jina la In Other Words, basi tafuta na jina hilo pia. Ukipata moja hadi nne na matarumbeta yanavuma, karibu hakika ni Frank Sinatra na bendi ya Count Basie, 1964, mpangilio wa Quincy Jones. Madijei wengi hupiga huo.

Sauti ilikuwa ya kike? Wameuimba wengi, hapo itabidi muulize dijei mwenyewe.

Ila harusi ya Tanga bila taarabu! Sisi tuliokuwa na vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star twaenda kuazima nyota za watu.