Kwa Askari Wapya: Tuliyoyaona kwa Sajini

Wadogo zangu mlioripoti kazini karibuni, jina la Sajini mmelikuta midomoni mwa watu, mwenyewe hamkumkuta. Mnasikia "Sajini angeliandika hivi," au "Sajini asingemjibu raia namna hiyo." Alifariki kwa saratani ya kongosho. Nilikuwa naye zamu moja kwa miaka mingi, na nilimtembelea hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kuhubiri, kwa hiyo nitawaeleza alivyotenda.

Nianze na kukabidhi zamu, maana hapo hakuwa na mchezo. Hakuwahi kukabidhi kwa neno "shwari" akachukua kofia yake. Alifungua kitabu cha matukio, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa zamu yake, akashuka nao mbele ya anayempokea: mahabusu wangapi, nani kaingia saa ngapi, nani ana jeraha, nani anatumia dawa na amemeza mara ya mwisho lini. Kisha wanakwenda wote kuwaona mahabusu kwa macho. Silaha zinahesabiwa, risasi zinahesabiwa, funguo zinahesabiwa. Na kama kuna mlalamikaji aliyeambiwa arudi kesho, aliandika anarudi kwa nani na kwa jambo gani, ili asifike kaunta akalazimika kusimulia upya alivyobakwa huku foleni nzima ikimsikiliza. Hilo lishikeni sana. Mtu akifika kwetu ameumizwa, halafu uzembe wetu wa kuandika ukamrudisha mwanzo, tunamuumiza mara ya pili.

Kuna waliomnung'unikia kwamba anawachelewesha. Lakini nimeona kesi ikisimama kwa mstari wake mmoja: saa, jina, na maneno "ana mchubuko kiganja cha kushoto, anasema ameupata jana usiku akiruka ukuta." Mtuhumiwa alipodai mahakamani kwamba alipigwa kituoni, mstari ule ulikuwa umeshajibu.

Nyumbani alikuwa vilevile. Ratiba yake ya zamu aliibandika mlangoni, pembeni watoto wakaandika tarehe zao za mitihani na michezo, na palipogongana alitafuta wa kubadilishana naye mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Akitoka zamu ya usiku aliwasindikiza shule kwanza ndipo akalale. Msidanganyike kwamba askari hodari ni yule asiyeonekana kwake. Mimi niliyemwona kazini na kwake nasema ule utulivu wake kaunta aliupata kwenye nyumba ile.

Sasa afya. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na uvimbe wake mara nyingi hauonekani mpaka umeshaenea. Sajini aliumwa mgongo akausingizia mkanda na viti vya gari la doria. Akapungua mwili, tukasema ni kazi nyingi. Alikwenda hospitali macho yalipogeuka manjano. Mkiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka, mwili unawasha, au uzito unashuka bila sababu, ombeni ruhusa siku hiyohiyo. Uvumilivu tunaofundishwa kwenye gwaride si wa kupeleka huko. Na zamu za usiku zina gharama: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2007 miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia msimamo huo. Sizitwishi kifo cha Sajini. Nawaomba tu mkitoka zamu mlale, msiunganishe na vibarua.

Madaktari walipomwambia upasuaji hautasaidia, alipelekwa kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu pale ugonjwa usipotibika. Wengine kazini walishtuka kusikia anapewa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa sababu sisi tunaijua kama kielelezo cha kesi za dawa za kulevya. Mofini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, inamtuliza mgonjwa wa saratani, na wala si dalili kwamba ameachwa afe. Alikunywa kila baada ya saa nne. Alijifungulia daftari, kwa mwandiko uleule wa kaunta: saa, kipimo, maumivu mangapi kati ya kumi, amepata choo au la, maana dawa hiyo hufunga choo na inabidi ipewe pamoja na ya kulainisha.

Nafuu ile aliitumia. Alimwonyesha mkewe fomu ya warithi, mkopo uliobaki kwenye chama cha akiba, na hati zilipo. Akakuta fomu ya warithi ni ile aliyojaza kabla hajaoa! Ikabadilishwa akiwa bado ana nguvu za kutia sahihi. Yenu mlijaza siku mliyoajiriwa. Mkioa, mkiolewa au mkipata mtoto, nendeni mkairekebishe. Majalada yake aliyagawa moja moja kwa wapelelezi, kila moja na maelezo ya shahidi gani bado hajahojiwa.

Kuhusu kumtembelea mwenzenu anayeugua hivyo: wiki za kwanza tulijaa, baadaye tukapungua, na hapo ndipo familia inapochoka. Msimwambie "utapona" wakati yeye anajua. Mpeni habari za kituo, Sajini alizipenda kuliko pole zetu. Pangeni wa kukesha ili mke au mume apate usingizi.

Baada ya mazishi kuna kazi ya makaratasi: cheti cha kifo, barua ya mwajiri, namba ya utumishi, madai ya mafao. Mjane akienda peke yake huzungushwa ofisi hadi ofisi. Mmoja wa zamu aende naye akiwa na nakala zote mkononi, jina lake liandikwe kwenye ratiba, na siku hiyo asipangiwe lindo.