Jeli, gliserini na upepo wa Dodoma: maswali yenu ya nywele

Kiangazi kimekolea, vumbi limeanza safari zake, na barua zenu karibu zote zinalia kilio kimoja: nywele zimeoshwa Jumamosi, kufika Jumatano hazitazamiki, na hela ya kurudi saluni haipo. Maswali nimeyafupisha. Mlioomba majina ya makopo mtanisamehe, nitataja zaidi kilichomo ndani. Lebo zinabadilika kila msimu, vilivyomo ni vilevile.

*Dada, nimehamia Mtumba kikazi kutoka Dar. Kule nilikuwa napaka gliserini asubuhi, nywele zangu za asili zinakaa laini hadi jioni. Hapa napaka ileile, mchana zimekakamaa kama stilwaya. Huku wanauza feki?* (Mtumishi, Mtumba)

Gliserini ni ileile, hewa ndiyo umeiacha Dar. Kazi ya gliserini ni kuvuta maji. Pwani hewa imejaa unyevu, kwa hiyo inayavuta kutoka nje na kukuletea kichwani. Sisi huku tuko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, na kiangazi kikishika hewani hakuna cha kuvuta. Gliserini ikikosa maji nje inayatafuta ndani ya unywele wako. Yakishafika juu, upepo unayabeba. Unalainika saa mbili, halafu unakauka kuliko ulivyoamka.

Usiitupe. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji, mimina kwenye kichupa cha kupulizia, nyunyiza mpaka nywele zishike unyevu bila kuchuruzika. Papo hapo, kabla hujatoka mlangoni, pitisha mafuta kidogo juu yake. Alizeti ya Singida, hiyohiyo ya kukaangia, inatosha kabisa. Mafuta hayaongezi maji, yanazuia yaliyopo yasitoroke. Ndiyo maana ukiyapaka juu ya nywele kavu unapata mng'ao tu, ukavu uko palepale. Usiku funga kitambaa cha satini, maana foronya ya pamba inanyonya hicho kidogo ulichohangaika nacho.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipaka gliserini tupu mwezi wa kumi, nikatembea kwa miguu kutoka Majengo hadi Area C. Jioni niliposuuza kichwa, maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Ilikuwa imevuta kila chembe ya vumbi njiani.

*Nilinunua mafuta ya nazi mwezi wa tano, yalikuwa maji kabisa. Sasa asubuhi nayakuta yameganda meupe kama mafuta ya ng'ombe. Muuzaji amenichanganyia nini?* (Mama mjasiriamali, Manyoni)

Hajakuchanganyia kitu, mama. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai huku kwetu zinashuka chini ya hapo sana. Mimi ningemtilia shaka anayeuza mafuta ya nazi yasiyoganda hata kidogo alfajiri ya Julai. Weka chupa kwenye kikombe cha maji ya moto dakika chache, au chota kidogo usugue viganjani. Jikoni motoni usiyapeleke.

Nazi, hata hivyo, ningeipaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha badala ya katikati ya wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele. Yanapenya ndani. Alizeti inakaa juu, na kazi ya kukaa juu ndiyo tunayoihitaji baada ya kunyunyiza maji.

*Niko UDOM. Nabana nywele kwa jeli, ikifika mchana mabegani pana unga mweupe. Wenzangu wananiambia nina mba. Dawa ya mba nimenunua mara mbili, haponi mtu.* (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

Pole, mdogo wangu. Hela yako ya dawa nadhani imekwenda bure. Chukua punje moja ya huo unga, iweke kiganjani, idondoshee tone la maji, usugue. Ikiyeyuka na kuteleza, ni jeli. Ikibaki kipande vilevile, ni ngozi. Tena tazama unga unapoanzia: mba hukaa kwenye ngozi ya kichwa na huwasha, mabaki ya jeli hung'ang'ania unywele wenyewe, hasa pale brashi inapopita.

Jeli ni maji na kitu mfano wa gundi nyepesi. Maji yakikauka, gundi inabaki kama utando. Ukipaka ya Jumanne juu ya ya Jumatatu, au ukachanua zikiwa kavu, utando unapasuka na hayo ndiyo mabegani. Ila sababu ninayoikuta mara nyingi ni nyingine kabisa: losheni au kondishena uliyotanguliza haipatani na hiyo jeli.

Kuna jaribio la bure, lifanye kabla ya kununua kopo kubwa. Weka tone la losheni yako nyuma ya kiganja, pembeni tone la jeli, halafu zungusha kidole polepole mpaka vikutane. Vikiungana vikabaki laini na vinateleza, nunua. Vikikatika vibonge vyeupe kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai, acha hapohapo, maana hicho ndicho kitakachotokea kichwani saa sita mchana ukiwa darasani. Mimi huenda dukani losheni nikiwa nimeshaipaka kiganjani. Wauzaji wa Sabasaba wameshanizoea, na mwenye kopo lililofunguliwa hakunyimi tone. Asiyekuwa nalo, nunua kipakiti kidogo.

Na jeli iliyokauka huamka kwa maji. Jumatano hauhitaji jeli mpya. Lowesha viganja, pitisha juu, funga kitambaa dakika kumi, ondoka. Ukisoma nyuma ya kopo ukakuta spirit imetajwa mwanzoni kabisa mwa orodha, hilo si la kiangazi cha huku, litakukausha. Ila msikimbie kila neno *alcohol*: zile zinazoanza na *cetyl* na *cetearyl* ni mafuta mazito ya kulainisha.

*Jeli inakula nywele za mbele? Zangu zinarudi nyuma.* (Ipagala)

Jeli haili. Anayekula ni mkono unaovuta, na mswaki mgumu unaopita palepale kila asubuhi, na rasta nzito zilizosukwa kwa kukaza. Msuko ukikuuma usiku hata ukashindwa kulala, au ukatoa vipele vyenye maji, ufumue, hata kama umelipa leo. Zikivutwa miaka, mizizi inakufa na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Bana kwa ulegevu miezi miwili mitatu uone. Pakibaki pameng'aa kama goti, nenda kwa daktari wa ngozi.

*Mimi ni mkwe wa Kigogo, Mvumi. Nimeona watu wanachemsha bamia wanapaka kichwani. Nilipomwambia mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Ni kweli au utani?*

Ni kweli, na mama mkwe ana haki ya kucheka. Nchi ya mlenda hii, kuupaka kichwani ni kufuja mboga.

Ule utelezi unashika maji, ukikauka unaacha utando mwembamba usiopasuka ovyo. Unafaa sana kufungulia mafundo na kusokotea nywele mbilimbili. Kulaza nywele fupi za mbele usitegemee, hapo jeli ya dukani inaushinda. Katakata bamia sita, tia kikombe kimoja na nusu cha maji, moto mdogo dakika kumi, chuja kwa kitambaa chepesi ungali wa moto, kwa sababu ukipoa hauchujiki, utabaki unakamua na kulaani. Usitie chumvi, na magadi ndiyo usiyaguse kabisa: yanailainisha mboga vizuri, lakini kwenye unywele yanafungua magamba ya nje na kuuacha mkavu na dhaifu. Kwenye friji unakaa siku tano, sita. Bila friji, pika wa leo utumie leo. Hauna dawa ya kuzuia kuoza, na ukichacha harufu yake utaisikia na jirani ataisikia.

Andika jina kwenye kibakuli. Mume wangu aliufunua wangu, akasonga ugali, na lalamiko lake pekee lilikuwa kwamba nimesahau chumvi.

*Nimeweka dawa, siku ya nne mizizi imelala kwa mafuta. Nitumie poda ya mtoto badala ya shampuu kavu?* (Chang'ombe)

Kidogo sana, na isiwe poda ya talki, maana kuivuta puani si kuzuri. Johnson & Johnson wenyewe walitangaza mwaka 2022 kwamba kuanzia 2023 wanaacha kuuza poda yao ya talki duniani kote, wakahamia wanga wa mahindi. Wanga huo upo kwenye maduka ya vyakula: bana kwa vidole viwili, gusa mizizini, subiri dakika kumi, piga brashi mpaka weupe uishe. Changanya na kakao kidogo kama nywele ni nyeusi tii. Shampuu kavu za dukani zilitengenezwa kwa nywele nyororo zinazotoa mafuta haraka. Nywele zetu hazina tabia hiyo, kwa hiyo mafuta yako ya siku ya nne nahisi umeyapaka mwenyewe siku ya kwanza. Punguza nusu, uone kama poda utaihitaji.

*Nina dredi za miezi minne. Fundi anataka nipake nta ya nyuki zishike haraka. Huku nta ipo tele.* (Kijana, Itigi)

Usikubali, kaka. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65. Maji ya joto hilo yatakubabua kichwa kabla hayajaigusa, kwa hiyo ikiingia ndani ya dredi imehamia. Vumbi nalo linaifuata humohumo. Miezi minne ni mapema, dredi zinashikana kwa muda na kusokotwa. Zikilegea, lowesha kwa maji na utomvu wa mshubiri uliochujwa, sokota, bana kwa vibanio hadi zikauke kabisa. Zikauke kweli. Dredi inayolala mbichi hunuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nta wape wanaotengeneza mishumaa.

*Kopo likishafunguliwa linakaa muda gani? Na yale mafuta ya kupimiwa sokoni?* (Mama wa mapacha, Nkuhungu)

Nyuma ya kopo tafuta mchoro mdogo wa mtungi wenye kifuniko wazi. Ukiandikwa 12M, ni miezi 12 tangu siku ulipofungua. Mimi naandika tarehe chini ya kopo kwa kalamu ya wino mzito. Chota kwa kijiko, vidole vyenye maji ndivyo vinavyoozesha. Ya kupimiwa siyasemi vibaya yote, ubuyu na nyonyo nimenunua hivyo miaka mingi kwa mtu ninayemjua. Lakini krimu na jeli zilizohamishwa kwenye chupa ya soda, hapana. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na chupa ya soda haina namba ya toleo wala tarehe ya kwisha muda wa kumuonyesha mtu yeyote.

*Natoka nyumbani nimependeza, helmeti ya boda inaniharibia kabla sijafika Nyerere Square. Nisiivae?*

Ivae. Nywele zinalowekwa upya, fuvu haliloweki. Beba kofia nyepesi ya satini au kilemba chembamba, vaa kwanza hicho ndipo helmeti. Kinalaza nywele zisisuguliwe, na kinakutenga na majasho ya abiria waliotangulia, maana mapunye hupita kwenye vitu vya kushirikiana namna hiyo. Ukishuka, kichupa chako cha kupulizia mara mbili mbele, viganja juu, umemaliza. Kofia ifue kila Jumamosi, na abiria mwenzako akiomba umwazime, mwelekeze kwa machinga.